Oili iliyovuja kwenye lori kuukuu na breki zilizokataa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: hujulikana kwa wote kama Daktari wa Difu
Umri: miaka 52
Kazi: fundi wa malori
Elimu: darasa la sita (la saba niliona linanichelewesha)
Makazi: nyuma ya gereji yangu, mlango wa bluu
Uhusiano na mtuhumiwa: mjomba wake, mama yake ni dada yangu mkubwa

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema yafuatayo kwa hiari yangu, sijashikiwa fimbo.

Nina miaka thelathini kwenye kazi hii. Gari bovu nalitambua kwa mlio. Niliwahi kumweleza mteja kwa simu kwamba nati yake ya tatu imelegea, akainama, akaikuta. Afande ameniambia nirudi kwenye lori. Narudi.

Lori hilo limenizidi umri miaka kumi na moja. Dereva wake ni mpwa wangu, na fundi wake ni mimi peke yangu.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, saa mbili asubuhi, nilikuta oili chini ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Nikabadilisha sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Tarehe 6 ikavuja tena. Nikaweka nyingine. Tarehe 9 ikavuja hiyo nayo, na sasa hata magurudumu ya nyuma yakaanza kutoa jasho. Nikafunga mpya kote, nikazigonga taratibu kwa kipande cha mbao kana kwamba nabembeleza mtoto. Wapi! Nilimtukana mwenye duka, nikamtukana aliyeunda mpira, nikalipiga lori teke. Kidole bado kimevimba, afande amekiona.

Tarehe 11, saa nane mchana, mpwa wangu alikuja gereji. Alisema, "Mjomba, breki za nyuma hazishiki vizuri. Tumwite fundi mwingine naye aangalie."

Nikamjibu, "Mwingine yupi? Yule wa baiskeli?"

"Mjomba, sitanii."

"Ulikuwa hujaacha nepi mimi nafungua giaboksi nimefumba macho. Nenda kazini."

Akaenda.

Tarehe 12, saa nne na robo asubuhi, lori likiwa na mzigo wa matofali lilikataa kusimama kwenye mteremko wa soko, likaingia kibandani kwa fundi cherehani. Mama yule amevunjika mguu. Watu walisema dereva alikuwa akiongea na simu. Akawekwa ndani kwa uzembe. Nilikuja siku hiyohiyo nikamwambia afande kwamba sili za siku hizi ni makaratasi matupu. Nilisema kwa sauti kubwa.

Leo tarehe 14, saa tatu asubuhi, niliruhusiwa kulifungua lori uani mwa kituo, mkaguzi wa magari akiwepo. Breki za nyuma zilikuwa zimelowa oili chapachapa. Mkaguzi akaniuliza, "Kile kitundu cha difu cha kupumulia kiko wapi?" Nikacheka. Nikamwambia nilikijua yeye hajaota ndevu. Nikapitisha kidole juu ya difu nimwonyeshe. Hakuna. Nikakwangua kwa bisibisi. Kilikuwa chini ya rangi nyeusi, matabaka mawili.

Difu ikipata joto, hewa ya ndani hutanuka. Ikikosa pa kutokea husukuma oili ipite kwenye sili, hata uweke sili ya dhahabu. Rangi ile niliipaka mimi, mwisho wa mwezi uliopita, ili lori lipendeze na watu waulize fundi wake ni nani.

Mkaguzi aliandika tu kwenye daftari lake. Afadhali angenitukana.

Dada yangu yuko kwenye benchi la mapokezi tangu juzi. Nilipopita aliniuliza, "Umeona nini, mdogo wangu?" Nimeingia humu moja kwa moja.

Mpwa wangu hakuwa na simu. Aliiacha kwangu asubuhi ile ikichajiwa, na ndiyo hii naikabidhi. Breki aliniambia mapema. Mimi ndiye niliyemrudisha barabarani.

Nimeomba yale maneno yangu ya juzi kuhusu sili yafutwe. Afande amesema hayafutwi. Basi na haya pia yasifutwe. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika saa tano na dakika ishirini asubuhi. Shahidi alionywa kwamba maneno yake yanaweza kumtia hatiani. Alijibu, "Andika, afande, tena usikosee." Dereva ametoka saa sita na nusu pamoja na mama yake. Shahidi amebaki kituoni.