Ng'ombe Walipomshinda Msichana wa Utafiti

Alhamisi, Kitengela

Leo nimewika, na hata mke wangu amekubali, mtu ambaye hunisifu mara chache kuliko mvua ya huku.

Kambi ya watalii ilituma msichana wa kupima utalii unatuletea nini na unatunyang'anya nini sisi majirani. Pundamilia wao wanamaliza nyasi yetu. Kambi imeahidi kulipa kwa kisima, na mwenye mifugo mingi ndiye atachimbiwa.

Shida ilianza alipouliza, "Mzee, uko na ng'ombe ngapi?" Mimi nikamwongezea chai.

"Basi nitaandika hakuna," akasema.

Hapo niliona kisima kikiponyoka, nisifiche. Tumechoka kununua maji ya lori la bowser. Nikamwambia, "Nakerai, mtoto wangu, kwetu kutaja hesabu ya ng'ombe ni kuwaitia kifo. Lakini macho yako hayajakatazwa. Ngoja jioni."

Nikaamuru majirani wote wapitishe mifugo kwa lango langu. Wengine walinung'unika, lakini nani hubishana na mimi? Vumbi ilipanda mpaka ndege za kwenda Nairobi zikapotea njia.

Msichana alihesabu, akarudia, akafunga kalamu. "Mzee, hesabu imenishinda."

"Hiyo ndiyo jibu yetu. Andika hivyo hivyo."

Akacheka, akapigia wakubwa wake simu mbele yetu. Wamekubali: kisima ni chetu.

Nimetangaza kwamba maji yakitoka, mimi ndiye nitakunywa wa kwanza. Mke wangu amesema ng'ombe ndio watatangulia, kwa sababu wao ndio walifanya kazi.