Jina Lililoingia Kitabuni

Msambweni,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako dada yangu Nereah,

Salamu hizi zikukute mzima, wewe na mama yako, ambaye naomba umpe shikamoo yangu kwa mikono miwili. Mguu wake umepungua uvimbe? Na wewe umeshaizoea baridi ya kwenu, au bado unalala na soksi kama ulivyoniambia? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Hesbon wangu yuko Diani hotelini, zamu ya asubuhi, na kila siku ananirudia na harufu ya mayai. Mtoto ameota meno ya kutosha kuning'ata. Mimi nimechoka, lakini ni uchovu wa mtu aliyeutua mzigo, ndiyo maana leo nimepata nguvu ya kushika kalamu.

Pamoja na barua hii nimekutumia kitabu. Ndicho hicho, dada. Kishike, kinuse, kisha kiweke kando umalize kwanza barua, kwa sababu ukianza na kitabu hutanielewa. Najua umeniuliza mara nyingi kwa nini nilimnunia ndugu yako Duncan, nami nikawa nakujibu tutaongea, tutaongea. Kwa simu nisingeweza. Mtoto angelia, au salio lingeisha kabla sijafika penye maana.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikunja mashuka ya wageni, ukaniambia kwamba wazungu wana vitabu vya kuwaonyesha pa kula na pa kulala, lakini mama wa hapa hapa mwenye mtoto mgongoni hakuna anayemwambia atapata wapi maji safi, wala wapi atakaa anyonyeshe bila kukodolewa macho. Ukasema, "Andika wewe Kadzo, si unazunguka na huyo mtoto kila siku?" Ulipoondoka hotelini nilikumbuka maneno yako, nikamfunga mtoto kwa leso mgongoni, nikaenda. Nilianzia kwa wakwe zangu kule Mackinnon Road, nikashuka kwa Kinango hadi Kwale, nikapita Diani na hapa Msambweni, nikavuka bahari hadi kisiwa cha Funzi, nikamalizia Jego kwa wifi yangu Warda. Niliandika kwenye simu, mkono mmoja ukibonyeza, mwingine umeshika ziwa.

Nilidhani kuandika ndiyo kazi. Kumbe kuandika ni kupika tu. Kazi ni kupakua na kuwafikia wanaokula. Wachapishaji wakubwa waliniambia wanataka vya shule, basi nikasema nitachapisha mwenyewe. Picha zilizokuwa ziking'aa kwenye simu zilitoka nyeusi. Ile yangu na mtoto tukiwa Funzi ilikuwa kama magunia mawili ya makaa. Nikaambiwa kitabu kisicho na ile namba yenye mistari nyuma hakuna duka litakalokipokea, nikaanza kuitafuta hiyo namba kama natafuta cheti cha kuzaliwa. Mwenye mtambo wa kuchapa kule Mombasa akasema karatasi moja kubwa hukunjwa ikawa kurasa nyingi, na zangu hazitimizi mkunjo, nizipunguze au niziongeze. Nikaongeza uji wa mtoto na namna ya kuupika, na wallahi ndio ukurasa unaopendwa kuliko zote. Nakala ya kwanza ya mfano niliiweka dirishani, gundi ikayeyuka, kurasa zikamwagika sakafuni. Mwenye duka la vitabu Ukunda aliuliza hiki ni cha darasa la ngapi. Nikamwambia ni cha akina mama. Akasema basi nimpelekee muuza dawa.

Katika hayo yote, Duncan alikuwa nami. Ndiye aliyepanga kurasa, ndiye aliyechora jalada, na alinistahi hata nilipokuwa mkali. Ramani yake ya kwanza iliiweka Funzi nchi kavu. Nilimuuliza kama watu watafute boti barabarani, akacheka, akasema, "Relax dada, hiyo ni kitu ndogo, nitasukuma kidogo." Akasukuma. Kwa hiyo nisemayo hapa chini usiyachukue kama ni mashtaka.

Sasa nikwambie jambo ambalo ulikuwa ukiniuliza nami nikikwepa. Ulikuwa ukisema, "Huyu mtoto hana jina? Mara Babu, mara Mwenzangu, mara Bwana Mkubwa!" Jina analo. Kwao Hesbon mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake mzaa baba, na mke wa mwana halitaji jina la mkwewe. Wala la mama mkwe, ndiyo maana hata humu hutalisoma. Si woga, dada, ni heshima, kama vile usivyomruka miguu mtu aliyelala. Lakini ndivyo ilivyokuwa kwangu: nimemzaa mtoto, nimemnyonyesha, na jina lake halijawahi kutoka kinywani mwangu. Kliniki muuguzi akiuliza, ninampa kadi asome mwenyewe. Tena wenyewe wanasema mtoto na aliyempa jina ni mtu mmoja. Mtoto akimkojolea mama mkwe mapajani, yeye huwatangazia majirani kwamba mumewe amemkojolea.

Basi kitabuni niliandika "mtoto" tangu mwanzo hadi mwisho, nikatulia.

Duncan hakutulia. Aliona mtoto, mtoto, mtoto, kama ripoti ya hospitali, naye alitaka kunifurahisha. Nilipokwisha kuikubali nakala ya mfano, akampigia Hesbon, akamkuta katikati ya kuwapelekea wageni chai, akamuuliza jina la mtoto. Hesbon, sahani mkononi, akalitaja. Yeye ni mwana, hakukatazwa. Duncan akabonyeza mara moja tu, kila "mtoto" akawa na jina, kazi ikapelekwa mtamboni.

Maboksi yalipofika nilifungua nikiwa na furaha kama bibi harusi. Ukurasa wa mbele: "Kwa mwanangu Fulani." Nitaandika Fulani, univumilie. Nikageuza. "Fulani alinitapikia begani kabla hatujafika Kinango." Nikageuza tena. "Nilimvua Fulani nguo zote, nikamwosha makalio kisimani, naye akapiga kelele watu wakatoka kutazama." Na nje, juu ya jalada, kwa herufi kubwa, jina la aliyeyasema hayo: Kadzo. Nikakaa juu ya boksi.

Ili uelewe uchungu wangu, ujue baba mkwe ni nani kwangu. Nilipotaka kusafiri, Warda alileta maneno kwamba mke wa kaka anazurura na kichanga kama mchuuzi wa mitumba. Mzee ndiye aliyesema, "Mwacheni aende." Alitaka jambo moja tu, kitabu kikitoka kifunguliwe uani kwake, mbele ya majirani na watu wa kanisa. Siku ilikuwa imeshatangazwa, na mbuzi ameshachaguliwa. Yaani mtu pekee aliyenifungulia njia ndiye angekaa kitini, mbele ya watu, asikie jina lake likivuliwa nguo na mke wa mwanawe.

Nilimpigia Duncan nikasema nisiyopenda kuyarudia. Akajibu, "Si ni jina tu, dada? Iko sawa." Nikakata simu, na ndio ukawa mwanzo wa kununa. Nikakata vipande vya karatasi nikaanza kubandika juu ya kila jina. Vitabu vichache tu, na vikavimba kama maandazi. Hesbon akasema tunyamaze, macho ya baba hayasomi tena, siku ile tutachagua ukurasa usio na jina. Nampenda Hesbon, unajua, lakini hapo nilimkatalia. Nilimwambia sitasimama mbele ya mzee wangu nikichagua ukurasa. Kama ni aibu nitaipeleka mwenyewe, mapema, kabla ya wageni.

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikachukua kitabu kimoja, nikaenda ukweni. Jambo kama lile simwambii mzee uso kwa uso, basi nilimweleza mama mkwe jikoni. Alijiziba mdomo. Nikamwambia baba akisema vichomwe nitavichoma kwa mkono wangu, lakini isije ikasemwa kwamba kosa lilikuwa kusafiri. Akachukua kitabu.

Warda alikuwa ameshafika kwa ajili ya sherehe, na ndiye aliyejitolea kusoma. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa nguo chafu za jirani aanike. Mzee alikuwa karibu na zizi, akikata kwato za mbuzi. Nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko, mtoto kifuani, nikisikiliza. Wifi hakuruka neno. Alisoma kama anayehubiri, na alipofika kisimani akapunguza mwendo ili kila mtu uani apate fungu lake.

Mzee aliendelea na kwato zake hadi ukurasa wa mwisho. Kisha akamwambia arudie pale Fulani anapovuka kwenda Funzi. Akarudia. Akauliza Fulani alikula nini huko. Akasomewa. Akauliza kama maji yaliingia botini. Warda akashindwa kuvumilia, akasema, "Baba, kwani hukuyasikia yale ya kisimani?"

"Nimeyasikia," mzee akasema. "Kwani nyinyi mnaoga na nguo?"

Mama mkwe alicheka hadi akashika mlango. Mzee akaweka kisu chini. Akasema yeye amekaa kando ya barabara kuu ya Mombasa maisha yake yote, malori yanashuka, treni inapita, watu wote anawaona migongo tu. Mombasa amefika kwa sababu ya hospitali, lakini feri ya Likoni hajaipanda hata siku moja. "Kumbe nimefika Funzi," akasema. "Nimekula samaki wa huko. Nimelala Jego kwa binti yangu, ambaye tangu aolewe hajanialika." Warda akafunga kitabu taratibu. "Tena sikutembea," mzee akasema. "Nimebebwa."

Nereah, pale nyuma ya jiko nililia, na mtoto akawa ananifuta machozi kwa kiganja chenye ugali.

Kisha nikaitwa. Mzee akamwagiza mama mkwe alete maji kwenye kata, nisukutue, niteme kando, ndivyo mwiko unavyofunguliwa kwao. Nikafanya. Akasema, yeye mwenyewe nitaendelea kumwita Baba, hapo hapajabadilika. Lakini yule mdogo nina ruhusa, na mkewe awe shahidi. "Aliyenibeba njia nzima," akasema, "akiniita nitaitika."

Sherehe ikafanywa, mbuzi akaliwa, na ukurasa uliotakwa na watu ulikuwa ule ule wa kisimani. Mzee sasa anaitwa Msafiri hadi kanisani, na anawaelekeza watu njia ya Funzi kama aliyeitembea. Vitabu vinakwenda. Si kwa kasi ya maandazi asubuhi, lakini vinakwenda. Muuguzi wa kliniki amechukua kimoja akakiweka kwenye benchi la akina mama, na juzi nilikikuta kimechakaa pembe zote. Nilifurahi kuliko kama ningekikuta kipya. Na Warda, usicheke, amemtumia baba yake nauli ya kwenda Jego.

Mwambie Duncan nimemsamehe, na kosa lake lilizaa heri. Ila mwambie pia, kwa sauti yangu ile anayoijua, kwamba uchapaji wa pili hataongeza wala kupunguza hata nukta bila kuniuliza. Na Funzi bado imegusa bara kwa pembe moja. Asukume tena.

Nimebakisha moja, dada, ambalo hata Hesbon sijamwambia. Siku ile ya ruhusa sikuweza. Watu walinitazama, mzee akangoja, nikaishia kuinamisha kichwa. Wakanielewa, wakaniacha. Jana nilikuwa namwogesha mtoto hapa nyumbani, yumo ndani ya beseni, hakuna mtu. Nikalisema.

Karisa.

Hakunitazama mimi. Aligeuka akatazama mlangoni, akidhani babu yake amekuja. Nikamgusa kifuani, nikasema tena, Karisa, ni wewe. Akanikodolea macho, akatazama mlango tena kuhakikisha, kisha akapiga maji kwa mikono miwili yakaniingia machoni, akacheka. Tangu hapo nimemwita kwa sababu na bila sababu. Namwita akiwa amelala. Leo kanisani nimemwita kwa sauti, mama mmoja akageuka, nami sikujali.

Sasa fungua kitabu. Ukisoma utamcheka mzee wangu, na umcheke tu, ameruhusu. Msalimie mama, wasalimie na wote waniulizao hapo kwenu. Ukipata nafasi ya kuja, njoo kabla mvua hazijaharibu njia, nikakupeleke Funzi kwa miguu yako mwenyewe hadi penye boti, maana wewe sitakubeba.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kadzo,
Mama Karisa.