Supu ya Kwao Shemeji Katika Sufuria ya Baba

Dada Riziki mpendwa,

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia kabla sijamaliza. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika Kiswahili baada ya Mama kufariki, ukikataa nisikujibu kwa Kiingereza. "Andika tena," ulikuwa ukisema, "kama mtu mwenye kwao."

Kutoka kwetu New Hope hadi kwako Hopkins, humu humu Minnesota, si mbali kwa gari, lakini hujavuka mlango wetu tangu siku ile ulipokuja na Shemeji Emeka. Alikuwa amebeba supu ya egusi ya kwao Naijeria, ile ya mbegu za tikiti zilizosagwa, sufuria imefungwa kwa kitenge chako isipoe. Baba alikuwa ametoka kazini, hajala tangu asubuhi. Akawakaribisha vizuri, akauliza habari za barabara na theluji, kisha akasema, "Asanteni, nimeshiba." Shemeji alidhani ni aibu ya ugeni tu, akazidi kumsogezea sahani. Wewe ulijua. Kwetu baba mzazi hali chakula cha mkwe kabla wazee wa pande mbili hawajakaa, na ninyi mlikuwa mmeshafunga ndoa ya serikali, ofisini, bila wazee. Ulirudi na sufuria ikiwa imejaa, umeipakata garini.

Tangu hapo, Baba akiulizwa kanisani husema, "Riziki hajaolewa. Amehama."

Ndiyo maana Jumamosi nilikuuliza egusi inapikwaje, na sikukuambia nampikia nani. Nisamehe. Nilipanga Baba ale kwanza, nimwambie baadaye, ili awe ameshakubali bila kujua. Ulinieleza kila kitu kwa furaha: nisage mbegu, nizikaange kwa mawese, mchicha uje mwisho. "Ukishatia mbegu usikoroge. Ziache zishikane kama mayai." Nilikoroga, Dada. Mikono yangu imezoea ugali, haijui kuacha kitu kitulie jikoni. Ikawa uji wa rangi ya machungwa.

Baba akarudi, akanawa, akafumba macho kuomba. Akamshukuru Mungu kwa chakula na kwa mtoto aliyekipika kwa moyo safi. Alipomega tonge la ugali nikasema, "Baba, usile kwanza. Hii ni supu ya kwao Shemeji. Dada amenifundisha kwa simu. Hajui kwamba nimekupikia wewe."

Tonge likabaki mkononi mwake.

"Sufuria ni ya nani?" akauliza.

"Yako."

"Mawese?"

"Uliyanunua wewe."

"Na unga wa ugali?"

"Wako, Baba."

"Basi hiki ni chakula changu." Akala.

Nilipaswa kufurahi, lakini moyo ulizidi kushuka. Kama ni chakula chake, basi hajala cha kwenu, na wewe bado umehama tu. Akamaliza sahani, akaongeza mchuzi, na jina lako halikutoka mdomoni mwake.

Mwishowe akasema, "Mbona kama uji? Ndivyo wanavyokula watu hao?"

"Hapana. Nilikoroga, na Dada alinikataza."

"Wewe hushiki la mtu." Akanawa mikono polepole. "Iliyobaki iweke kwenye friza. Jumapili ijayo, baada ya ibada, mwenye supu yake aje aionje, atuambie ulipokosea. Kama ana mzee wao hapa Minnesota, aje naye. Kijana hapimi chakula peke yake."

Nikauliza, kwa sauti ndogo, kama aje bila wewe.

"Njia ataonyeshwa na nani?" akasema, akaenda kulala.

Dada, nimeyarudia maneno hayo kichwani mpaka yamechakaa, nikiogopa kwamba nimeyaelewa ninavyotaka mimi. Huenda Baba atabadilika kabla ya Jumapili. Huenda Shemeji hatasahau alivyokataliwa, na angekuwa na haki. Lakini jana nilimkuta Baba akimpigia simu mzee wa kanisa, akimuuliza kama Jumapili ana nafasi ya kuja kukaa upande wetu, na kama atavaa koti la suti.

Mtafuteni mzee wa kwao Shemeji. Mje mikono mitupu, msibebe chakula chochote. Kipo, hata kama ni kibaya.

Nakukumbatia kwa hofu na kwa matumaini,

Mdogo wako