Wenzo Haukukuua, Mjomba

Mjomba Deusi,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini sijazoea kuzungumza nawe bila kukuamkia, na sitaki kuzoea.

Mashine ya kusaga imefika kijijini. Leo asubuhi mkeo, Mama Aneti, amesaga debe lake la mahindi hapa hapa, bila kwenda Matai. Nakuandikia nikueleze ilivyoshuka kwenye lori, kwa sababu niliyeishusha ni mimi.

Kwanza nikwambie ambayo hukuyasikia. Siku tuliyokuzika, mwenyekiti wa kijiji alisimama akasema fundi Deusi alikuwa mtu mwema, ila aliamini miti na kamba kuliko nguvu za watu, na hilo ndilo lililomponza. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimemshika Mama Aneti asianguke. Sikusema neno. Ukimya ule umenitafuna, Mjomba, maana nilikuwepo pale kwenye ghala tulilokuwa tunajenga. Nilikuwa juu ya ngazi nafunga kapi la kupitishia kamba, na nilikusikia ukisema wangoje, boriti ya paa ivutwe juu kwa kamba. Mwenyekiti ndiye aliyesema wageni wa wilaya wanafika kesho, akawaamuru wanaume waibebe mabegani. Upande mmoja ukateleza. Nawe ulikuwa chini yake kwa sababu ulikimbia kumsukuma Kristofa, mmoja wa wabebaji, atoke.

Tangu hapo mtaimbo wako wa kuinulia mizigo ukaitwa chuma cha mkosi. Nikauficha chini ya kitanda changu.

Wakati mwingine nauchukua tu, nikaushika. Nakumbuka nilipomaliza darasa la saba ukanichukua nikusaidie kazi, watu wakakucheka, mtoto wa kike atabeba nini? Ukawajibu kwamba hutafuti wa kubeba, unatafuta wa kufikiri. Siku ya kwanza ulinipeleka kwenye shamba la ulezi, kwenye lile jiwe lililowashinda wanaume wanne. Ukachomeka mtaimbo chini yake uwe wenzo, ukaweka kijiwe cha kuegemea karibu kabisa na jiwe lenyewe, ukaniambia nikalie ncha ya mbali. Jiwe likainuka kiasi cha vidole viwili, nami nikashuka mpaka makalio yakagusa udongo. Ulicheka, Mjomba. Kisha ukasema, "Kazi haijapungua, Fausta. Umeilipa kwa mwendo."

Basi Jumanne lori likaja kutoka Sumbawanga mjini. Dereva, Bwana Salumu, alileta injini ya dizeli na kinu chake, vimefungwa pamoja juu ya fremu ya chuma. Uzito wake ulikuwa wa mapipa manne ya mafuta, au zaidi. Mwenyekiti akawaita wanaume. Wakaja, wakasimama mbali, mikono ndani ya makoti. Hakuna aliyetaka kuweka bega chini ya kitu kizito tena. Bwana Salumu akangoja mpaka jua likapinda, kisha akasema kwa upole kwamba kama haishuki, ataondoka nayo, kuna kijiji kingine kinaiomba. Nikawatazama wanawake wenye madebe waliokuja kuiona. Nikaenda nyumbani nikachukua mtaimbo.

Mwenyekiti aliponiona akasema, "Fausta, hatutaki maiti ya pili."

Nikamjibu mbele ya wote, "Ndugu Mwenyekiti, Mjomba hakuuawa na wenzo. Aliuawa na haraka yako."

Sijui nilipata wapi sauti ile. Bwana Salumu akasema gari ni dhamana yake, basi niachwe nijaribu.

Niliegemeza mbao nne ndefu kwenye lori, mteremko wa taratibu kama ulivyopenda, ingawa walilalamika kwamba ni mrefu mno. Nikainua fremu kwa mtaimbo, upande mmoja kisha wa pili, nikapitisha magogo ya mkaratusi chini yake ili iviringike. Kamba nikaifunga kwenye fremu, nikaizungusha mara tatu kwenye shina la mti upande wa pili wa lori, ili izuie mzigo usikimbie. Nikauliza nani atashika mwisho wa kamba. Wanaume wakatazamana. Akatoka Mama Aneti, mkeo, amejifunga kaniki yake ya msiba. Akaishika.

Mjomba, ungemwona. Mwanamke mmoja amezuia injini nzima, kwa sababu kamba ilikuwa imelikaba shina, na shina ndilo lililobeba uzito. Nilipomwambia alegeze, alilegeza. Nilipomwambia abane, alibana.

Katikati ya mteremko gogo moja likaenda upande. Fremu ikainama. Watu wakakimbia. Nami nilitaka kukimbia, sikufichi. Lakini kamba ilishika, nikapata nafasi ya kupigilia kabari na kulinyoosha lile gogo. Nilipoinua kichwa nikamkuta Kristofa amepiga magoti ng'ambo ya pili, ameshika kabari nyingine, machozi yanamtoka. Tukaendelea hadi chini. Injini ikagusa ardhi kimya, kama mtu anayekaa kitini.

Jumapili kukawa na mkutano. Mwenyekiti akatangaza kwamba mashine imeshushwa kwa nguvu za wananchi. Nilikuwa nimeanza kunyanyuka, Kristofa akaniwahi. Akasema, "Fundi Deusi alituambia tungoje. Nilisikia, na wenzangu walisikia. Alikufa akinitoa mimi, nami nikanyamaza." Kisha akamgeukia mkeo akaomba msamaha. Mwenyekiti hakuomba radhi. Alisema shughuli zimekwisha, akaondoka peke yake. Wala simngojei aombe.

Mama Aneti ameacha kulia mchana. Usiku sijui.

Sasa nikuage, Mjomba. Mwalimu wa darasa la sita ameniomba Jumatatu niende nikawaonyeshe watoto jinsi kitu kizito kinavyoinuliwa na mtu mwepesi. Nitakwenda, na wasichana nitawaweka mbele. Wakiniuliza nani alinifundisha, nitataja jina lako. Wakiniuliza ulikufaje, nitawaeleza yote, hata mwenyekiti akiwa amesimama mlangoni.

Mpwa wako,
Fausta