Majani Kushoto, Koili Kulia

Mshauri mpendwa, naomba unisitiri kwanza ndipo unishauri, maana hata mke wangu hajui. Mimi ni fundi hapa Baracoa, na mimi na kaka yangu Eliecer tumelichukua gari la marehemu babu, la mwaka hamsini na mbili, tukalikata, tukalirefusha, tukatia injini ya dizeli na safu tatu za viti ili libebe abiria hadi Guantánamo, na mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye springi za nyuma, ambazo huwa ama za majani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa, ama za koili, chuma kilichozungushwa, hapo kaka akasema, "Mdogo wangu, funga majani, watu tisa na magunia yao ya nazi si mchezo," na mama mkwe, Doña Migdalia, anayekwenda huko kwa daktari wa mgongo kila Alhamisi, akasema, "Mwanangu, ukinifungia majani nitafika nimekunjika, mie nitilie koili," nami nikamjibu kila mmoja, "Sawa." Sikutaka kumuudhi mtu. Kwa hiyo kushoto, anakokaa kaka kuendesha, nimefunga majani, na kulia, anakokaa mama mkwe nyuma, nimefunga koili. Tulipolijaribu kaka alisema limekaza vizuri, mama mkwe akasema amekaa kama kwenye mto, wote wakanisifu mbele ya mke wangu, jambo ambalo halijapata kutokea. Lakini gari limelala kulia, na kaka akikanyaga breki mkia unahamia upande wa baharini, nami ninayeketi mbele kulia ili nisikilize injini huwaambia barabara ndiyo imeinama. Jumatatu tunaanza kupanda kona za Farola, ile barabara ya milimani, na abiria. Je, niongeze jani moja au nipunguze?

Fundi wa Pande Mbili, Baracoa

Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Nakuhurumia, kumkatalia kaka mkubwa na mama mkwe katika wiki moja si kazi nyepesi. Huruma yangu inaishia hapo.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi na mezani hakuwa na mazungumzo mengine, kwa hiyo hili nalijua. Springi ya majani hubeba mzigo na pia huishika ekseli, ule mhimili wa magurudumu, isihame. Koili hubeba tu, na ekseli hutafutiwa mikono ya chuma ya kuishikilia. Mikono hiyo hukuitaja, maana yake hukuiweka. Upande wa kulia ekseli yako imeshikwa na sifa za mama mkwe, na kwenye Farola mtatumbukia bondeni nazo.

Barabara haijainama, ni wewe. Leo hii waite wote wawili, mke wako akiwepo, uwaambie ulichofunga. Watakufokea, nyamaza. Kisha toa koili, funga majani pande zote, idadi sawa, na shokapu mpya. Eliecer apakie sita, si tisa. Jumatatu ikifika hujamaliza, gari lisitoke.

Mgongo wa Doña Migdalia hautaki springi, unataka kiti. Nyuma juu ya ekseli ndiko kunakorusha, mbele kumetulia. Mpe kile cha mbele kulia. Injini utaisikia vizuri tu ukiwa nyuma, pale ulipokuwa umemkalisha yeye.

Hortensia