Nyara au Nyama

Kambini, Alhamisi, 2 Julai

Mwanangu,

Hamjambo hapo nyumbani? Mama yako vipi, miguu imepungua kuvimba? Mimi mzima, ila miwani nimeikalia, na hapa naandika kwa kukisia mistari. Simu huku haishiki hata ukipanda juu ya tangi, kwa hiyo tarishi wetu ni dereva wa lori la barafu. Jumatatu anakuja, Alhamisi anarudi.

Nyati nimempata alfajiri kwa risasi moja, na mwambie mama yako ni moja kweli. Nyama bado ina joto, nikiifunga leo itaharibika njiani. Naitundika kwenye chumba cha baridi, kisha naitoa mifupa na kuipanga kwenye maboksi ya barafu, Alhamisi ijayo nishuke nayo. Kazi iko kwenye nyara, yaani pembe na fuvu. Lazima lichemshwe, likauke, na afisa wa wanyamapori agonge muhuri, naye hapiti mpaka Ijumaa tarehe 17. Kibali kina jina langu: nikiondoka kabla ya muhuri, pembe zinakuwa mali ya serikali. Nyama nayo haisafiri bila mimi, wala haitakaa bila kuharibika mpaka tarehe hiyo.

Kwa hiyo ni kimoja tu. Mama yako alitamani supu, na papo hapo alinipimisha ukuta wa sebuleni kwa ajili ya pembe. Muulize anataka kipi. Nitafuata neno lake.

Baba yako


Nyumbani, Jumatatu, 6 Julai

Baba, shikamoo.

Sisi tupo, na pole kwa miwani. Habari ya risasi moja imemchekesha mama mpaka akakohoa, anasema tangu lini. Anakula vijiko viwili, anasukuma bakuli. Mengine amenikataza nisikuandikie, na wewe unamjua.

Nimemuuliza kama ulivyosema. Mama anasema hataki nyara tena. Dereva anapiga honi, naishia hapo.

Binti yako


Kambini, Alhamisi, 9 Julai

Mwanangu,

Natumaini mmeamka salama. Mimi sina neno, mgongo tu. Barua yako nimeishika mbali, nimeishika karibu, hatimaye nimeipata.

Nimeumia kusoma kwamba hataki nyama tena. Yeye aliyekuwa akiugombania mfupa na mimi. Basi, nyama yote nimewagawia wachunaji na wapishi, nami nabaki kusubiri muhuri. Mwambie fuvu limetoka jeupe safi na pembe moja inaupita mkono wangu. Nitafika Alhamisi tarehe 23. Anivumilie kidogo.

Baba yako


Nyumbani, Jumatatu, 13 Julai

Baba, shikamoo.

Sijui nianzie wapi. Mama ametutoka Jumamosi, saa nne asubuhi. Tumemzika jana. Hapakuwa na namna ya kukufikia, Baba, na ndugu walisema tusingoje.

Alhamisi nilikuwa stendi na beseni. Dereva akashuka peke yake, akanipa barua yako, nikaisoma nimesimama. Nyumbani nilimwambia mama lori limeharibika. Akasema basi utakuja na la kesho. Ijumaa akataka nimchane nywele, nikamchana.

Panda lori hili hili, uje.

Binti yako


Kambini, Alhamisi, 16 Julai

Mwanangu,

Leo siwezi kukuuliza hali. Lori limenisubiri saa nzima, sikupanda.

Umeandika ulikwenda stendi na beseni. Beseni la nini, kama mama yako hakutaka nyama? Nimeazima miwani ya mpishi, nikaitoa barua yako ya tarehe 6. Nilikuwa nayo mfukoni siku ile nagawa nyama, damu imeilowesha, wino umetambaa, na neno lenyewe halisomeki. Nyara na nyama, tofauti yake herufi moja.

Niambie uliandika lipi. Miaka thelathini na minane mama yako aliniomba vitu vichache mno. Kama alinitaka nije, mimi nikakaa huku nalinda mifupa, nyumba ile siingii tena. Nijibu hilo tu.

Baba yako


Nyumbani, Jumatatu, 20 Julai

Baba, shikamoo.

Niliandika nyama. Mama alisema hataki nyama, nikaandika alivyosema, nawe ukasoma sawasawa hata bila miwani. Beseni nilikuwa natoka nalo sokoni, stendi nilipitia kuchukua barua tu. Kukungoja alikungoja kama siku zote unaposafiri, si zaidi ya hapo. Ile karatasi yenye damu itupe, usikae nayo mfukoni.

Nimemwambia dereva asiondoke huko bila wewe. Pembe ukitaka zilete, ukitaka ziache. Wageni wameshaondoka wote, na usiku nalala taa ikiwaka. Panda, Baba. Sina mzazi mwingine.

Binti yako