Baba Mkwe ni Mwanafunzi Wangu, Lakini Amekaa Nje ya Ukuta

Mama Kisa mpendwa, mshauri wetu, mugonile, habari za siku. Naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, nina furaha na hofu vyote pamoja na sijui kipi kimezidi. Mimi ni mke wa mtu hapa Ngonga, Kyela, nalima mpunga kama wenzangu, na jioni najitolea kufundisha watu wazima kusoma na kuandika katika chumba cha nyuma cha kanisa letu, na tangu tuanze darasa lilikuwa la wanawake watupu, maana wanaume ukiwaita wanakwambia kalamu ni ya watoto, wao wako kwenye kakao, wako kwenye bao, mpaka afisa wetu wa elimu ya watu wazima akaniambia wakubwa wanataka kuona wanaume darasani, la sivyo litafungwa na vitabu vitapelekwa Busale.

Sasa Mama, sikia maajabu! Masika haya, siku moja nafundisha, nikasikia mtu anakohoa nje ya ukuta, na kikohozi kile nakijua. Ni baba mkwe wangu! Amekuja na kigoda chake na mwavuli wake, amekaa chini ya upenu na mgongo kauegemeza ukutani, mvua inapiga na yeye yupo tu. Nawe unajua mila zetu Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Vijana wa Bondeni pale mjini wameshaacha, lakini nyumbani kwetu bado tunashika, nikimwona njiani naingia kwenye migomba mpaka apite, sikai naye chumba kimoja, na jina lake silitamki, hata hapa kalamu imegoma kuliandika. Kwa hiyo hakuingia, nami sikutoka, nikafundisha na yeye akasikiliza kupitia yale matofali yenye matundu.

Basi ikawa kila jioni! Nikisema "someni," sauti ya nje inazimeza zote za ndani. Mama mkwe wangu, Anyosisye, yeye anakaa benchi la mbele, anacheka mpaka anafuta machozi. Mzee Ebeneza, rafiki yake baba mkwe, akaja kuona kulikoni, akaingia ndani akakaa, kesho yake wakaja wengine na mabuti yao ya shambani, na leo nina wanaume darasani, Mama, wanaume kabisa, wanagombania chaki!

Mama mkwe alinieleza kwa nini mzee anakitaka hivi kisomo. Enzi za kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma, yeye kijana, alipelekwa darasani akakuta mwalimu anafundisha kwa Kiswahili na yeye anajua Kinyakyusa tu, akachekwa, akavuka mto Songwe kwenda kwa ndugu zake Karonga, Malawi, na huko nako darasa lilikuwa la Kichewa, akachekwa tena, akarudi. Husema serikali mbili zimemfundisha kusoma na zote mbili zilimfundisha kwa lugha ya jirani. Tangu hapo kila ujumbe wa dada yake kutoka Karonga unapita kwanza mdomoni mwa mtu mwingine ndipo umfikie, na amechoka.

Habari zikafika wilayani. Afisa akaja na pikipiki, akasikiliza, akanishika mkono hakuuachia. Mwezi ujao wanakuja wageni wa Malawi, wa Zambia na wa kwetu, wana mkutano wa sera ya elimu ya watu wazima, kumbe nchi zote tatu zinalia kilio kimoja, wanaume hawaji. Wanataka kuliona darasa la Ngonga na waige, na baba mkwe ndiye atakayesoma mbele yao. Amenunua kofia mpya. Kijiji hakilali!

Na hapo ndipo penye moto, Mama. Wiki iliyopita nilitoka kwa mlango wa nyuma, nimejifunika kanga usoni, nikapita pembeni yake macho chini, akiwa anasoma somo la kuchemsha maji ya kunywa, neno kwa neno, hakosei hata nukta, na kitabu mikononi mwake kimefunguliwa kwenye picha ya mbuzi. Baba mkwe hasomi! Amekariri kitabu chote kwa masikio!

Nikamwambia mume wangu Lutengano, akasema, "Usimwaibishe baba yangu, tutakaa wapi?" Nikampigia afisa, akacheka. "Mwalimu, mwache. Tutampa ukurasa anaoujua, wageni watapiga makofi, mambo yatapita." Je, mgeni akimfungulia ukurasa mwingine? Ataaibika mbele ya nchi tatu, wenzake watatoka kama walivyoingia, na darasa ndiyo basi tena. Ninyamaze au niseme? Na nikisema, niseme kwa mdomo gani, mimi ambaye hata kumsalimia sijawahi?

Nimekuandikia wewe wa gazetini kwa sababu redio anaisikiliza kutwa. Gazeti hawezi kulisoma. Bado.

Ni mimi, Mwalimu wa Ngonga.

MAMA KISA ANAJIBU

Mwalimu wangu, ndaga fijo, asante sana kwa barua hii. Nimeisoma nimesimama, nikairudia nimekaa, chai ikapoa. Hongera! Hongera tena! Umewatoa wanaume wa Kyela kwenye bao ukawatia kwenye benchi, jambo ambalo wakubwa wa nchi tatu wanalifanyia mkutano. Na hilo la kujificha gazetini limenivunja mbavu. Siku baba mkwe atakapoiona barua hii na kuwaka hasira, ujue umefaulu kazi yako.

Haya, umeshafurahi. Sasa tulia nikugombeze.

Ubao uko ndani. Mzee yuko nje, mgongo ukutani. Ulitaka asome nini, tofali? Masika yote umeyafundisha masikio yake ukasahau kwamba ana macho, kwa sababu sauti yake ilikuwa kubwa na wewe ulikuwa na hamu ya mwanamume darasani. Mwalimu hashangilii sauti, mwalimu anakagua. Tena mzee hajamdanganya mtu! Ulisema "someni," akatoa alichosikia wenzake wanatoa, akaamini kusoma ndiko huko. Wale waliomcheka Kyela na Karonga hawakumwonyesha, na wewe unayemheshimu mpaka unajificha migombani nawe hukumwonyesha.

Lutengano, najua na wewe unasoma hapa. Baba yako kutojua kusoma si aibu. Aibu ni kumvalisha kofia mpya na kumsimamisha mbele ya wageni huku nyumba nzima mnajua na yeye hajui. Ungependa mwanao akufanyie hivyo?

Na huyo afisa wako, mpelekee salamu zangu kali. Mambo yatapita, eti! Yatapita yaende wapi? Yatavuka Songwe, na huko nako watamtafuta mzee wao wa kukariri, Wazambia watamtafuta wa kwao, halafu nchi tatu zitakaa hotelini kupigiana makofi, na dada wa mzee ataendelea kusomewa ujumbe na mtoto wa jirani. Mwambie Mama Kisa amekataa.

Mwiko usiuvunje. Si mali yako, na hukuolewa pale ukawafundishe watu mila zao. Lakini fungua macho mwanangu, mwenye mwiko mwenyewe ameshausogeza! Hakuna aliyemburuta. Amebeba kigoda, amepigwa na mvua, amefika mpaka ukutani, alichobakiza ni unene wa tofali. Mzee akisogea hivyo, wewe unashindwaje kusogeza ubao?

Fanya hivi. Kwanza, atakayemwambia ni mama mkwe, si wewe. Amwambie kwao, baada ya chakula, bila kucheka hata kidogo, na namjua Anyosisye kwa barua yako tu, kwa hiyo mwombe sana kuhusu kicheko. Amwambie kitabu chote tayari kiko kichwani, kilichobaki ni kukutana nacho uso kwa uso. Atanuna. Mwacheni anune, keshokutwa atabeba kigoda.

Akibeba, akute ubao uko nje chini ya upenu, umeandika somo mapema, na darasa lote liko huko pamoja naye. Mvua haijaanza leo Kyela. Safari hii anayekaa nyuma ya ukuta ni wewe mwalimu. Unataja neno kupitia matundu, Mzee Ebeneza anashika fimbo analionyesha ubaoni, baba mkwe analiona. Somo lianze na yale maji ya kuchemsha anayoyajua kama sala ya Baba yetu uliye mbinguni. Na pale Kiswahili kinapokwama, tumieni Kinyakyusa, nani kawakataza? Mtu aliyemeza kitabu kizima kwa masikio, herufi zitamshinda? Wee!

Siku ya wageni asisome ukurasa wowote. Afisa akikuletea kichwa ngumu, mwonyeshe gazeti hili. Mama mkwe awaeleze wageni habari yote, Kiswahili kilichomshinda mzee, Kichewa kilichomshinda, ukuta, mwavuli, mpaka picha ya mbuzi. Wameacha ofisi zao kuja kutafuta kwa nini wanaume hawaji, basi wapewe jibu lenyewe. Kisha baba mkwe avae kofia yake, asimame mbele ya nchi tatu, aandike neno moja alilolisomea mwezi mzima. Aandike jina lake.

Makofi yakiisha atarudi kwenye kigoda chake, atageuza mgongo kama kawaida. Hapo ndipo utoke ndani, na kanga yako usoni, uende ubaoni. Tangu uolewe jina hilo hujalitamka, na siku hiyo pia hutalitamka. Mwiko umeufunga mdomo, mwanangu, macho haukuyafunga. Lisome kimya, herufi kwa herufi, usiharakishe. Ukikuta liko sawasawa, chukua chaki, weka alama moja kubwa ya vema aione kila mtu, urudi ndani kwako.